Miti ya Maua kwa Nchi ya Mvua Chache: Shauri kwa Wenye Nyumba wa Machakos

Nyumba, iwe ya mawe au ya udongo, hupendeza zaidi ikiwa na maua mbele yake. Jambo hili halina ubishi. Katika vilima vya Iveti na Mua, huko Kangundo na Mwala, na katika mitaa ya mji wa Machakos wenyewe, wako watu wengi ambao wangependa kuwa na bustani ndogo mlangoni. Lakini wengi wamejaribu wakashindwa. Walinunua mche mzuri kando ya barabara, wakaupanda, wakaumwagilia maji kwa majuma matatu, na kiangazi kilipofika ukakauka. Basi hunena kwamba maua ni mambo ya watu wenye mabomba, au ya watu wa nchi za baridi kama Limuru.

Neno hilo si kweli. Mara nyingi kosa halimo katika udongo wala katika bahati, bali limo katika kuchagua. Mtu achaguaye mti wa maua kwa kuitazama rangi yake tu amechagua kwa jicho moja. Mwenye busara hujiuliza maswali matatu kabla hajashika jembe. La kwanza: maji ya mti huu yatatoka wapi, na ni nani atakayeyateka? La pili: mbuzi au ng'ombe wakiula, watapatwa na nini? La tatu: mtoto akiutia kinywani, itakuwaje? Aliyeyajibu maswali hayo matatu sawasawa atapata maua kwa miaka mingi bila taabu kubwa.

MVUA NA MTUNGI

Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, mvua ipimwayo kwa mwaka hukaribia milimita 700. Kiasi hicho si kidogo sana, ila huja kwa vipindi viwili: mvua za masika, kuanzia Machi hata Mei, na mvua za vuli, kuanzia Oktoba hata Desemba. Wakulima wa Ukambani wajua vema kwamba mvua za vuli ndizo za kutumainiwa zaidi. Baina ya Juni na Oktoba nchi hukaa kavu muda mrefu, na mti usioweza kustahimili miezi hiyo hauna budi kunyweshwa kwa mkono.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Kitanda cha nyasi za kijani chenye mita za mraba 20, ambacho watu wengi hukiona katika picha na kukitamani, huweza kunywa lita 80 kwa siku moja ya jua kali. Hiyo ni mitungi minne ya lita 20. Ikiwa maji yanatoka kisimani au mtoni, mitungi hiyo minne hubebwa mgongoni, na mara nyingi mgongo huo ni wa mama au wa binti aliyetoka shuleni. Bustani ya namna hiyo si pambo la nyumba. Ni deni ambalo mtu mmoja hulilipa kila siku kwa ajili ya macho ya wengine.

Huenda msomaji akasema: "Mbona huko Athi River, ndani ya Kaunti hii hii ya Machakos, yako mashamba makubwa ya waridi?" Ni kweli yako, na waridi zake husafirishwa kwa ndege hata Ulaya. Lakini waridi hizo hulelewa ndani ya nyumba za plastiki, hunyweshwa kwa mipira yenye matundu, na hutunzwa na wafanyakazi wengi wa mshahara. Ile ni biashara, nayo ina gharama zake na mapato yake. Mwenye nyumba asiyekuwa na mambo hayo asiige mfano huo; na atafute miti iliyozoea kiu.

MAJI YA BURE YAPITAYO MLANGONI

Kabla ya kutafuta maji mbali, yafaa kuyatazama yale yapitayo mlangoni. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Basi nyumba yenye paa la bati la mita nane kwa mita tano, mvua ya milimita 10 ikinyesha, hupokea lita 400 juu ya bati lake. Hata kama sehemu fulani hupotea, yanayobaki ni mengi. Nayo huenda wapi? Mahali pengi huanguka chini, hukimbia juu ya uwanja uliofagiliwa ukawa mgumu kama sakafu, huchimba vijito, na kuuchukua udongo mzuri mpaka bondeni.

Watu wa Machakos hawahitaji kufundishwa habari za mmomonyoko wa udongo. Katika miaka ya 1930 wilaya hii ilijulikana kwa vilima vyake vilivyokuwa vitupu na makorongo yake mekundu. Baadaye wananchi walichimba matuta, hasa yale ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili uwe ukingo. Namna hii ya matuta yajulikana leo na wataalamu wa nchi nyingi kwa jina lake hilo hilo la Kiswahili. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na mwaka 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulipungua.

Hekima ile ile iliyookoa mashamba yaweza kutumika uani. Chimba mtaro mfupi upande wa chini wa uwanja wako, utupe udongo juu, na panda miti yako ya maua karibu na mtaro huo. Maji ya paa na ya uwanja yatatua hapo na kuzama polepole badala ya kukimbia. Kila mti na uwe na kisahani cha udongo kulizunguka shina lake ili maji yasipite. Hivyo mvua moja kubwa ya Novemba itafanya kazi ambayo mitungi mingi isingeweza kuifanya.

MITI IFAAYO

Wa kwanza ni bogenvilia. Mti huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Jina lake latokana na Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeongoza safari ya kuizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea aliyefuatana naye, aliuona mti huu huko Rio de Janeiro mwaka 1767. Kile ambacho watu hukiita ua lake, chekundu, zambarau, cheupe au cha rangi ya machungwa, kwa kweli ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni lile dogo lenye weupe lililo katikati. Kwa kuwa majani hayo hayanyauki upesi kama ua la kawaida, mti huonekana umechanua kwa majuma mengi. Mti huu una miiba, hivyo wafaa kuwa uzio, na jua kali haliudhuru. Tena una tabia moja inayowashangaza watu: ukinyweshwa kila siku hutoa majani mengi na maua machache, bali ukiona kiu kidogo huchanua vizuri. Kwa hiyo mwenye bogenvilia asiyekuwa na maji mengi asisikitike.

Wa pili ni mshubiri, ambao Wakamba huuita kiluma. Huu ni wenyeji wa nchi yetu, wala haukuletwa na mtu. Majani yake manene ni ghala ya maji, na maua yake yenye wekundu husimama juu ya kijiti kama taa. Nyuki huyapenda sana. Nao watu wa Ukambani, ambao tangu zamani hutundika mizinga ya magogo mitini, wajua thamani ya ua lichanualo wakati mengine yamekwisha. Usiung'oe porini. Omba chipukizi kwa jirani, kwa maana hutoa vitoto pembeni mwa shina.

Wa tatu ni plumbago, yenye maua ya rangi ya samawati, na wa nne ni tekoma, yenye maua ya rangi ya machungwa mfano wa tarumbeta ndogo. Yote miwili yatoka Afrika ya Kusini, hukubali kukatwa iwe uzio mfupi, na huwavuta vipepeo na ndege wadogo waitwao chozi.

Wa tano ni mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu. Msomaji asicheke. Mbaazi ni mti mdogo wenye maua ya manjano ya kupendeza, mizizi yake huenda chini sana, huutia udongo nguvu, hulisha watu, na vijiti vyake vikikauka huwa kuni. Mstari wa mbaazi nyuma ya mshubiri ni bustani na chakula pamoja.

Anayependa hibiskasi, yenye maua makubwa mekundu, aipande mahali maji ya bafu yatokapo, kwa sababu hiyo hutaka maji zaidi kuliko hiyo mingine. Aizungushie miiba pia, maana mbuzi huipenda kuliko mwenyewe aipendavyo.

UZURI WA MKAKASI

Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Iko miti ya maua ambayo ndani yake mna kitu kibaya kuliko kipande cha mti, nayo yaonekana katika nyua nyingi kwa kuwa ni mizuri na haikauki.

Oleanda ina majani membamba marefu na maua ya waridi, meupe au mekundu. Kila sehemu yake ina sumu inayoushika moyo: majani, maua, kijiti, hata moshi wa kuni zake. Majani machache huweza kumwua ng'ombe. Yakiwa mabichi mnyama huyaacha kwa uchungu wake, lakini yaliyokatwa yakakauka na kuchanganyika na majani mengine huliwa bila kutambuliwa, hasa wakati wa njaa ya malisho. Ndugu yake ni ule mti wa maua ya manjano yenye umbo la kengele, majani membamba yanayong'aa, na tunda la kijani lenye kokwa ngumu ndani. Watu wengi huupanda kuwa uzio. Kokwa yake ni sumu kali, na watoto hupenda kuichezea. Nyumba yenye watoto wadogo haipaswi kuwa na mojawapo ya miti hii miwili.

Lantana nayo ni mti mdogo wenye harufu kali, majani ya kukwaruza, na vishada vya maua ya manjano, machungwa na waridi pamoja. Uliletwa kutoka Amerika kwa ajili ya mapambo, ukatoroka bustanini. Ndege hula matunda yake meusi na kutawanya mbegu kila mahali, na palipokuwa na malisho pakawa kichaka. Ng'ombe akiila ini lake huharibika, macho huwa ya manjano, na ngozi yake huchubuka akikaa juani. Matunda yake mabichi ni hatari kwa watoto. Aliyenayo aing'oe pamoja na mizizi kabla haijazaa.

Mnyaa, ambao Wakamba huuita ndau, ni uzio mzuri usiotaka maji wala matengenezo mengi, na hatusemi ung'olewe. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kupofusha kwa muda. Mtu aukatapo afunike macho, asimame upande utokako upepo, na asiwaruhusu watoto kukaa karibu.

Ikitokea ajali, mambo haya yakumbukwe. Utomvu ukiingia jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha uende zahanati. Mtoto akila sehemu ya mti wenye sumu, usimtapishe kwa nguvu na usingoje uone itakavyokuwa. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue tawi la mti ule ili mganga aujue.

KALENDA YA KAZI

Agosti: Kata vipandikizi vya bogenvilia, plumbago na tekoma. Chagua kijiti kilichokomaa, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa sentimita 20. Ondoa majani ya chini. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza, ujaze katika makopo yaliyotobolewa chini au mifuko ya maziwa. Zika kijiti zaidi ya nusu yake, weka kivulini, na nyunyiza maji kidogo kidogo. Mti wa vipandikizi hauna gharama. Jirani atakupa matawi aliyokuwa ayatupe.

Septemba: Chimba mashimo kabla ya mvua, kila shimo futi mbili, yaani sentimita 60, kwenda chini na kwa upana. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande wa pili. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, urudishe shimoni kwanza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Usichimbe karibu sana na ukuta wa nyumba. Acha mita mbili, ili kichaka kisiwe maficho ya nyoka mlangoni, wala mizizi isiguse tangi la maji.

Novemba: Mvua ikiisha kulowesha ardhi mpaka chini, panda jioni. Funika ardhi kwa nyasi kavu ili unyevu usitoroke, lakini nyasi zisiguse shina, kwa sababu mchwa hupenda njia hiyo. Zungushia matawi ya miiba.

Januari hata Machi, na tena Juni hata Oktoba: Katika mwaka wa kwanza kila mti upewe lita tano kwa juma. Miti sita itakunywa lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu kwa juma zima, na maji yaliyokwisha kutumika kwa kuoshea vyombo au kufulia yatosha. Yamwage chini ya shina, si juu ya majani, na usitumie maji yenye dawa ya kung'arisha nguo. Njia bora ni kuzika kando ya mti chungu kisichotiwa rangi, au chupa ya plastiki yenye tundu dogo, ukaijaza maji. Maji hutoka polepole na kuifikia mizizi bila kupotea juani. Chungu na kifunikwe ili mbu wasizalie humo. Mwaka wa pili mara mbili kwa mwezi yatosha. Mwaka wa tatu bogenvilia na mshubiri vyaweza kuishi kwa mvua peke yake.

KUPOGOA

Watu wengi huogopa kuukata mti wao wakidhani watauumiza. Bogenvilia huchanua kwenye matawi machanga, kwa hiyo usipokatwa huwa mrefu na mtupu, maua juu kabisa na vijiti vikavu chini. Maua yakiisha, kata matawi marefu kwa theluthi moja kwa kisu au makasi makali, ondoa yaliyokufa, na acha hewa ipite katikati. Matawi ya bogenvilia yaliyokatwa yafaa kuzungushia miche mingine. Yale ya mti wenye sumu yasitupwe zizini wala yasiwashwe jikoni. Yazikwe mbali na mifugo.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuanza asianze na miti ishirini. Achukue mitatu: bogenvilia moja pembeni mwa uwanja, mshubiri mmoja penye mawe, na mstari wa mbaazi kando ya mtaro. Amwulize afisa wa kilimo wa kata yake habari ya mti wowote asioufahamu kabla ya kuupanda. Aidha asimame uani mwake wakati wa mvua ya kwanza, atazame maji yanapita wapi, na atie vijiti vya alama mahali hapo. Mashimo yake yatachimbwa penye alama hizo.